Mgeni Aliyetanguliwa na Habari Zake: Wachina Machoni Petu, Tangu Pwani Hata Bariadi

Mtu asafiriye leo kutoka Lamadi, penye njia kuu iendayo Musoma, akashika njia ya Bariadi na kisha ya Maswa, hupita juu ya lami iliyotandazwa na mkandarasi wa Kichina, hupishana na pikipiki zilizoundwa Uchina, na akishuka sokoni huuziwa tochi, vyombo na viatu vya huko huko. Walakini akiwauliza wenyeji wanamjua Mchina kwa lipi, aghalabu hatajibiwa kwa habari za jirani, bali kwa habari zilizosikiwa kwingine: kwamba ni mwuaji wa ndovu, ama mla punda, ama mfungwa aliyeletwa kumalizia kifungo chake ugenini. Sifa hizi hazikuzaliwa Simiyu, mkoa wa hao wa Bariadi na Maswa. Zilisafiri, nyingine kutoka mbali sana na zamani sana, na kila kizazi kikaongeza yake. Nakusudia kuzifuata katika njia zilizopita, na kuonyesha pia jambo ambalo waandishi wa magazeti wa kila zama wamelisahau kwa wepesi wa ajabu, yaani kwamba Mchina huchorwa peke yake, na mwenyeji aliyekuwa naye katika shughuli ile ile, ya heri au ya shari, hafikiwi na wino.

Vigae vya kaure, kabla ya 1885

Kule pwani ujuano ni wa kale. Vigae vya kaure ya Kichina vimefukuliwa Kilwa na katika magofu mengi ya mwambao, ambako sahani na bakuli zilipachikwa kuwa pambo katika kuta na makaburi ya wakubwa. Na sarafu za nasaba ya Song zilizofukuliwa Kajengwa, kusini mwa Unguja, mwaka 1945 zathibitisha kwamba biashara hiyo, hata ikiwa ilipita mikononi mwa Waarabu, Waajemi na Wahindi, ilifika mbali. Wachina nao walituandika. Duan Chengshi, aliyefariki mwaka 863, aliandika juu ya watu wa nchi aliyoiita Bobali, watoboao mshipa wa ng'ombe wakanywa damu iliyochanganywa na maziwa. Na Zhao Rugua, ofisa wa biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, alikusanya mwaka 1225 masimulizi ya wafanyabiashara juu ya nchi ya Cengba, ambayo wataalamu huidhania kuwa ndiyo pwani yetu, iliyoitwa Zanji. Hakuna kati ya hao wawili aliyewahi kukanyaga Afrika. Mfugaji wa Kitaturu kule Meatu, Simiyu, akisomewa habari ya Duan, huenda akatabasamu, maana si uongo mtupu. Lakini atauliza ni kwa nini katika mambo yote ya maisha yake lilichaguliwa hilo moja.

Kati ya 1405 na 1433 merikebu za amiri Zheng He zilivuka Bahari ya Hindi mara saba, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Ming twiga, mnyama aliyepokelewa kwa taadhima kama ishara ya baraka. Kisha safari zikakomeshwa kwa amri ya huko huko Uchina, na kwa karne nne Mchina akabaki pwani katika sahani tu.

Picha ya Kaiser, 1885 hadi 1961

Waliomrudisha walikuwa Wadachi, yaani Wajerumani. Kampuni yao ya Afrika Mashariki, ilipoona wenyeji hawana hamu ya kulima mashamba ya mgeni kwa ujira mdogo, iliagiza mnamo 1892 mamia ya makuli wa Kichina na wa Kijava kutoka Singapore, wakapelekwa mashamba ya Tanga. Kazi ilikuwa nzito, maradhi mengi na mijeledi haikukosekana, na mpango ule haukudumu.

Miaka mitatu baadaye likatokea jambo ambalo lilifanyika mbali na Tanga, nalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko makuli wote wale. Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wadachi, alibuni picha, akamwagiza mchoraji Hermann Knackfuss aikamilishe, ikionyesha mataifa ya Ulaya kwa sura ya wanawake wenye silaha, wakioneshwa na malaika hatari inayokuja kutoka mashariki juu ya joka katikati ya moshi na moto. Akampelekea mfalme wa Urusi, na nakala zake zikaenea. Ndipo dhana ya kwamba watu wa Uchina ni mafuriko yatakayoizamisha dunia ilipopata sura ya kuangalika. Tukumbuke kwamba Kaiser huyo ndiye aliyekuwa akidai ufalme juu ya Tanga na juu ya Usukuma pia, ilimo Maswa. Hivyo mtawala wa mbali wa watu wa Maswa ndiye aliyewachorea walimwengu picha ya Mchina, wakati ambapo katika Maswa yenyewe hapakuwa na mtu aliyepata kumwona hata mmoja.

Picha ikazaa nyingine. Kati ya 1904 na 1910 Wachina wapatao 63,000 walipelekwa kuchimba dhahabu ya Transvaal wakiwa wamefungiwa katika makambi, na katika uchaguzi wa Uingereza wa 1906 michoro ya minyororo na mikia ya nywele ilibandikwa kutani ili kuwashinda Wahafidhina, waliokuwa wametoka madarakani. Wapiga kura walimhurumia Mchina na kumwogopa kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa manufaa yake. Mwaka 1913 kikatokea kitabu cha kwanza cha Sax Rohmer juu ya Fu Manchu, mwerevu mwovu mwenye kucha ndefu, ambaye baadaye alitembea dunia nzima katika sinema. Katika zama hizo za ukoloni Unguja palikuwa na kikundi kidogo cha Wachina wakikausha majongoo ya bahari na kutengeneza tambi, wakisalimiana na majirani zao kwa Kiswahili. Hao hawakuandikwa na mtu.

Reli na makambi, 1961 hadi 1976

Uchina iliitambua Tanganyika siku ile ile ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, na miezi michache kabla yake Redio Peking ilikuwa imeanza matangazo ya Kiswahili, ili kwamba kwa mara ya kwanza Mchina ajieleze mwenyewe kwa lugha yetu. Lakini sauti zilizompinga zilikuwa na nguvu zaidi. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 magazeti ya magharibi yalikiita kisiwa kile Kuba ya Afrika, na jina la Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa amelitumikia shirika la habari la Xinhua, lilitajwa kama ushahidi kwamba Peking imekwisha kutia mguu ndani ya mlango. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alizuru Uchina, mkataba wa urafiki ukatiwa saini Februari, na Juni Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam.

Kadhia ya reli ndiyo iliyopambanua mambo. Zambia haikuwa na bahari, na baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mnamo Novemba 1965 njia yake ya kusini ikawa mikononi mwa mahasimu. Benki ya Dunia na mataifa ya magharibi yalikuwa yamekwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida. Uchina, nchi maskini wakati ule, ikakubali. Mapatano yalifanywa Peking tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na tarehe 14 Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa, kwa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba.

Hata kabla ya taruma la kwanza kulazwa, magazeti ya Marekani na Ulaya yaliandika kwa hofu juu ya Walinzi Wekundu, vijana wa mapinduzi wa Mao, watakaomwagika Afrika. Kisha ikasemwa kwamba mafundi ni askari waliovuliwa sare, na hatimaye kwamba ni wafungwa. Uvumi wa wafungwa ulipata mizizi, ukahama nchi hadi nchi, na ukadumu muda mrefu kiasi kwamba wataalamu wawili, Yan Hairong na Barry Sautman, waliufanyia uchunguzi na kuuandikia mwaka 2012, wasipate ushahidi wa kuuthibitisha. Lakini uvumi hauoti juu ya jiwe. Wachina wale, ambao katika kilele cha kazi walifikia 13,500, walivaa nguo za namna moja, walikuja bila wake, walifanya kazi kwa zamu mchana na usiku, walilima mboga zao wenyewe na kulala ndani ya makambi yao, na nidhamu ya chama chao iliwakataza kutangatanga vijijini. Mwanakijiji wa Mlimba, kando ya reli, aliyemwona mwanaume mzima asiyekwenda kilabuni, asiyetafuta mchumba wala kujenga nyumba, alifanya mantiki iliyo sahihi kabisa kwa habari alizokuwa nazo, akasema huyu bila shaka amefungwa. Kwa hiyo lawama sizitupi zote kwa magazeti. Serikali ya Uchina iliupenda ukuta wa kambi kwa kuwa ulizuia kashfa, na yetu haikuuchukia kwa kuwa ulizuia siasa za wageni kuingia vijijini. Na uvumi ukajaza nafasi iliyoachwa na pande zote mbili.

Katika picha hizo zote, za sifa na za matusi, walikosekana watu wapatao 38,000 wa Tanzania na Zambia waliofanya kazi pamoja na Wachina katika kilele hicho hicho, wakipasua miamba na kumwaga zege. Reli iliitwa ya Wachina. Makaburi ya Wachina zaidi ya sitini waliofia kazini yamo nje kidogo ya Dar es Salaam, nayo huzuriwa kwa mashada kila mwaka. Ya wenyeji waliokufa kwenye mahandaki yale yale hayana mahali pamoja pa kuzuriwa.

Nayo reli, ingawa haikupita Usukuma hata hatua moja, ilifika huko kwa njia ya madukani. Gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya serikali, na kwa hivyo mabeseni, chupa za chai, taa za kandili, vitambaa na baiskeli za Phoenix zilisambaa hadi Maswa na Bariadi. Wakulima wa pamba waliinunua Phoenix wakaipakia magunia na wagonjwa, nayo ilistahimili. Katika miaka ile kitu cha Mchina kilikuwa kitu imara, na mkulima aliyeuza pamba akarudi bila baiskeli alihesabiwa kuwa amepoteza msimu. Tangu 1968 walikuja pia matabibu kutoka jimbo la Shandong, wakawekwa katika hospitali za bara, mathalan Muhimbili, Dodoma, Tabora na Musoma, na wagonjwa wa kanda ya ziwa wakajifunza kuchomwa sindano zisizo na dawa. Hakuna mhariri wa Ulaya aliyeona haja ya kuziogopa sindano hizo.

Biashara huria, 1985 hadi 2011

Uchumi ulipofunguliwa, Mchina wa tatu aliwasili, asiye kuli wala mjumbe wa dola: mtu binafsi aliyekopa kwa ndugu, akapanga fremu Kariakoo na kuuza viatu. Sifa ya uimara ikageuka haraka. Wafanyabiashara wetu walikwenda Guangzhou, wakachagua bidhaa za bei ya chini kabisa kwa kuwa ndizo mnunuzi wa Bariadi alizoweza kuzimudu, wakazileta. Zilipovunjika, kosa likawa la kiwanda peke yake. Januari 2011 Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara, Lazaro Nyalandu, aliwapa wachuuzi wa kigeni wa Kariakoo siku thelathini waondoke, kwa hoja kwamba walipewa vibali vya uwekezaji, si vya uchuuzi. Hoja ilikuwa na haki ndani yake. Waliopokea kodi ya fremu zile hawakupewa siku hata moja.

Mwaka huo huo ulileta kinyume chake. Kabla ya hapo Mchina wa skrini, katika vibanda vya video vya miji midogo, alikuwa mrusha mateke asiyesema. Lakini mnamo Novemba 2011 televisheni ya taifa ilianza kuonyesha tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake iliyotiwa sauti za Kiswahili, na watazamaji wakagundua, kwa furaha isiyo ndogo, kwamba kule nako kuna wakwe wakorofi, bei ya nyumba isiyoshikika na kijana wa mkoani anayedharauliwa mjini. Naamini tamthilia hiyo ilifanya kazi ambayo hotuba za mabalozi hazikuiweza.

Ndovu, 2009 hadi 2019

Hesabu ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014, na soko kubwa la pembe lilikuwa Uchina. Hilo halina ubishi. Oktoba 2015 ulimwengu ulipata sura ya kuibandika kwenye msiba huo. Yang Fenglan, aliyekuja nchini katika miaka ya sabini akiwa mkalimani wa Kiswahili wa reli ile ile, kisha akawa mwenye mkahawa Dar es Salaam, alishtakiwa kwa kusafirisha pembe 860 kati ya 2000 na 2014, na magazeti ya kila bara yakamtawaza kuwa malkia wa pembe za ndovu. Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Watanzania wawili walihukumiwa pamoja naye, kwa miaka ile ile, wao hawakutawazwa.

Simiyu ilikuwa na sehemu yake katika msiba huo. Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Serengeti, ndimo alimouawa rubani Mwingereza Roger Gower tarehe 29 Januari 2016, alipokuwa akiwafuatilia majangili kwa helikopta baada ya mizoga ya ndovu kuonekana. Risasi ilipigwa kutoka chini, na waliokamatwa kwa tukio hilo walikuwa raia wa Tanzania. Nchini Uchina kwenyewe, biashara ya pembe ilipigwa marufuku kabisa ilipomalizika 2017. Ila fundi wa barabara aliyekuwa Bariadi katika miaka hiyo, ambaye pengine hakupata kumwona ndovu ila kupitia dirisha la gari, aliendelea kutazamwa mizigoni mwake na kutaniwa sokoni kwa jambo lililotendwa na wengine, wakiwamo jamaa wa wataniaji wenyewe.

Lami na punda, 2012 hadi 2021

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, wilaya zake nyingi zikitoka Shinyanga na Busega ikitoka Mwanza, na makao yake yakawekwa Bariadi, mji ambao wakati wa masika ulikuwa ukitengwa na dunia kwa udongo mweusi wa mbuga, malori ya pamba yakizama hadi ekseli. Kampuni ya CHICO, ya jimbo la Henan, ilishika kazi ya kilomita 71.8 za Lamadi hadi Bariadi, ambazo Rais Magufuli alizifungua Januari 2017, akaweka siku zizo hizo jiwe la msingi la barabara ya Mwigumbi hadi Maswa. Kisha lami ikaunganishwa. Fedha zilitoka katika hazina ya Tanzania. Hii haikuwa kazi ya mkopo usio na riba kama reli ya zamani, bali zabuni: sisi tulikuwa waajiri, naye Mchina mwajiriwa wetu aliyewaajiri vijana wetu, na uhusiano wa namna hiyo una adabu zake na magomvi yake.

Magomvi yalikuwa ya kila siku na hayakuwa ya kustaajabisha: mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoijua kibarua, saa za ziada zisizohesabiwa, viatu vya kazi, mafuta ya dizeli yaliyopungua usiku, msimamizi anayefoka kwa sababu maneno yake ya Kiswahili hayazidi ya kuhimiza haraka. Upande wa pili wa ua wa kambi mashaka yalikuwa mengine, na machache yaliandikwa: mtoto aliyeachiwa babu na nyanya akikua katika skrini ya simu, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi vinavyokwisha kwa wakati mmoja, askari anayejua kwamba mgeni hubeba fedha taslimu, mwizi anayejua hivyo pia, malaria, na watoto wanaokimbilia gari wakipiga mayowe ya kuiga lugha yake. Aliyeishi nje ya ua, mwenye duka au mwenye mashine za kamari ambazo watu huziita dubwi, alikuwa na ujirani zaidi na ulinzi mchache zaidi. Kuhusu dubwi sina utetezi. Ziliwafilisi watoto wa shule. Lakini kila moja iliwekwa kwenye kibaraza cha duka la mtu, na mwenye kibaraza alikuwa na fungu lake.

Ndipo ikaja habari ya punda. Ngozi yake huchemshwa Uchina ikatoa gundi iitwayo ejiao, dawa ya damu, na kiu ya dawa hiyo ilipowapunguza mno punda wa huko ikafika hapa. Machinjio yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga kwa leseni halali za Tanzania. Katika Usukuma, ambako punda huchota maji na kubeba mavuno, na ambako mzigo wa mnyama aliyeibiwa huhamia kichwani mwa mwanamke, hasira ilikuwa ya haki. Machinjio yalisimamishwa kwa muda mwaka 2017, na Desemba 2021 serikali, Waziri wa Mifugo akiwa Mashimba Ndaki, mbunge wa Maswa Magharibi, ilipiga marufuku uchinjaji kwa miaka kumi; Umoja wa Afrika ukafuata kwa bara zima mwaka 2024. Uvumi uliobaki vijiweni ni kwamba Wachina ni wala punda. Walioiba na waliouza mnadani hawana jina la kabila katika uvumi huo.

Malampaka na amri ya 2025

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwapa watu wa miji mingi ya Afrika sababu mpya ya kumzomea kila mwenye sura ya Asia, na Aprili yake Waafrika wa Guangzhou walitolewa nje ya nyumba walizopanga kwa tuhuma ile ile. Habari ya pili ilitusikitisha kuliko ya kwanza, kama ilivyo desturi ya wanadamu.

Januari 2021 ulitiwa saini mkataba wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, na Rais Samia akaweka jiwe la msingi Juni. Reli hiyo inapita Malampaka, wilayani Maswa, na mmoja wa wajenzi wake ni CCECC, kampuni iliyoundwa mwaka 1979 kutokana na ofisi ile ile ya serikali ya Uchina iliyojenga reli ya Zambia. Hivyo baada ya nusu karne kambi ya reli imefika Usukuma kwa miguu yake, na uvumi wa wafungwa umekuja nayo, ukisimuliwa sasa na vijana waliozaliwa baada ya Mwalimu kufariki.

Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia shughuli 15, zikiwamo biashara ya rejareja na jumla, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, uchimbaji mdogo wa madini, ununuzi wa mazao shambani, na mashine za kamari nje ya kasino. Wenye leseni hai waliachiwa hadi zitakapokwisha. Mgeni atakayevunja amri atatozwa si chini ya shilingi milioni 10, au kufungwa hadi miezi sita, na kupoteza kibali chake. Na raia atakayemsaidia atatozwa milioni 5 au kufungwa miezi mitatu, sharti linalomtaja hatimaye yule mtu wa pili. Mafundi wa Malampaka amri haiwahusu. Inawahusu wauza duka na wenye mashine, pamoja na wenyeji waliowapa majina yao ya kuombea leseni.